UZI: Prado 120 kuvaa 265/70R17 na kunyanyuliwa milimita 50: kinachobadilishwa, kinachogusana, kinachovunjika

#1 Vumbi_la_Natron

Wakuu habari za jioni.

Swali la "ninyanyue gari inchi ngapi" linaulizwa sana, na wengi wanalianzia mwisho. Mtu ananunua springi ndefu, kisha anahangaika kutafuta tairi la kujaza uwazi. Anza na tairi. Tairi ndilo litakalokuambia gari lipande kiasi gani, na mara nyingine litakuambia lisipande kabisa.

Natumia mfano wa Prado 120 (za 2002 hadi 2009) kwa sababu zimejaa Arusha na Moshi. Wenye 95 karibu yote yanawahusu. Wenye mkonga (Land Cruiser 70) wasubiri, nyuma kuna majani ya springi na hesabu zake ni nyingine.

Tairi la kiwandani la Prado nyingi za matoleo ya TX na VX ni 265/65R17. Hiyo 265 ni upana kwa milimita, 65 ni asilimia ya upana huo ambayo ndiyo kimo cha ubavu, na 17 ni ringi kwa inchi. Zidisha 265 kwa 0.65, mara mbili, ujumlishe ringi (17 × 25.4 = 431.8). Unapata kipenyo cha milimita 776. Sasa fanya hivyo kwa 265/70R17: 803. Tofauti ni milimita 27, na gari linapanda nusu yake tu, yaani 13 na kidogo.

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza hela. Bakuli la difu ya nyuma liko kwenye ekseli, na ekseli inabebwa na tairi. Weka springi ya inchi mbili au ya inchi nne, difu ya nyuma iko palepale. Jiwe linalokugonga difu kati ya Engaruka na Engaresero litaendelea kukugonga, na kilichokusogeza mbali nalo ni zile milimita 13 za tairi basi. Springi inapandisha chesisi na vyote vilivyofungwa juu yake: bampa, ngazi za pembeni, tangi, transfa. Difu ya mbele ya Prado nayo imefungwa kwenye chesisi, kwa hiyo yenyewe inapanda, lakini ekseli zake fupi zinabaki zimeelekea chini kufuata tairi. Ndicho kinachoweka kikomo. Ukipita milimita 50 mbele, sivi jointi (viungo vya ekseli hizo fupi) zinafanya kazi kwa pembe kali muda wote, mpira wake unajikunja na kujisugua, unachanika, grisi inatoka, vumbi linaingia. Kwa vumbi letu, sivi iliyopasuka mpira haina maisha marefu.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa gari la matumizi ya kila siku linalokwenda porini mara kwa mara: 265/70R17 ya AT (meno ya lami na porini), mbele milimita 40 hadi 50, nyuma 40 hadi 50, basi.

Kabla ya kugusa spana, pima. Usipime kutoka ardhini, maana upepo wa tairi na ukubwa wake vitakudanganya. Pima kutoka katikati ya kifuniko cha hab (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa madigadi, wima, kwenye magurudumu yote manne, gari likiwa sehemu tambarare. Andika. Gari la miaka 15 limeshakaa chini, na mara nyingi upande wa dereva umekaa chini zaidi. Usipopima utadhani springi mpya zimekupa sentimita 7, kumbe 3 kati ya hizo ni za kiwanda zilizokuwa zimepotea.

Springi zinachaguliwa kwa uzito. Muuzaji akikuuliza "inchi mbili?" peke yake, hajakuuliza swali la maana. Anatakiwa kujua: mbele kuna bampa la chuma? Kuna winchi? Nyuma unabeba nini kila siku, si siku ya safari tu? Springi ya kubeba kilo 400 za kudumu ikifungwa kwenye gari tupu italiweka juu kupita kiasi na litaruka kwenye kila tuta. Na iliyokusudiwa gari tupu, ukiipandishia keria, hema la juu na madumu ya mafuta, itarudi kwenye kimo cha kiwanda ndani ya miezi michache. Shokapu zinunuliwe pamoja na springi. Ya zamani inaishia kunyooka kabla springi mpya haijafika mwisho wake, na ukivuka korongo inavutwa kama kamba mpaka sili zinakufa.

Mbele. Zuia magurudumu ya nyuma, inua, weka stendi chini ya chesisi, si jeki peke yake. Fungua linki ya stabilaiza (chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona) pande zote mbili, ukifungua upande mmoja tu chuma kitakupinga. Fungua boljointi ya juu (toa pini yake kwanza, gonga ubavu wa nakali, yaani chuma kinachoshika hab, kwa nyundo, usigonge uzi wa bolti). Funga nakali kwa kamba isianguke na kuning'inia kwenye paipu ya breki na waya wa ABS. Kisha nati tatu za juu ya shokapu, spana 14, na bolti ya chini. Shokapu inatoka pamoja na springi yake.

Kuitoa springi kwenye shokapu ndiyo sehemu ya kuua mtu. Tumia mashine ya kukandamizia iliyofungwa ukutani au mezani, au angalau vibano viwili imara vilivyokaa mkabala. Waya na minyororo hapana. Kama gereji haina kifaa, peleka shokapu kwenye gereji iliyo nacho, wakufungie.

Nyuma ni rahisi, springi na shokapu zimetengana. Ekseli ikishushwa taratibu kwa jeki, springi inatoka kwa mkono. Lakini kabla hujaishusha fungua bolti ya chini ya shokapu pande zote, klipu za paipu ya breki, na mpira wa kipumulio cha difu. Angalia vile vikalio vya mpira vya juu, vikiwa vimekatika springi italia kila siku.

Na jambo ambalo mafundi wengi wanaliruka: bolti zote zinazopita kwenye bushi za mpira (wishiboni, yaani mikono ya mbele; mikono ya nyuma; panadi, yaani fimbo inayozuia ekseli isiende pembeni) zikazwe gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Bushi hizo mpira umeshikana na chuma. Ukikaza magurudumu yakining'inia, siku ukishusha gari mpira unabaki umesokotwa daima. Baada ya miezi michache utaambiwa "bushi za siku hizi feki", kumbe zilikazwa vibaya.

Nawasilisha. Alaimenti, kugusana na upepo nitaviweka baadaye kidogo.

#2 Himo_Njiapanda

Mkuu nondo. Ila umeruka spesa. Watu wengi huku Moshi wanaweka spesa juu ya shokapu ya mbele, gari linapanda, hela kidogo, kazi ya nusu siku. Springi na shokapu zikiwa bado nzima kuna ubaya gani?

#3 Spana_17

Himo, ubaya unategemea unene. Kwenye Prado shokapu haiko moja kwa moja juu ya gurudumu, inashika wishiboni ya chini karibu na katikati yake. Kwa hiyo milimita 1 juu ya shokapu ni karibu milimita 2 kwenye gurudumu. Spesa ya 20 inakupa karibu 40. Watu hawajui hili, wananunua spesa ya 50 wakitaka "inchi mbili", gari linapanda karibu sentimita 10 na boljointi ya juu inafika mwisho kabla gurudumu halijaning'inia.

La pili, spesa inaisukuma shokapu nzima chini. Ukining'iniza gurudumu linashuka kuliko kiwanda kilivyopanga, sivi na boljointi ndizo zinazozuia badala ya shokapu. Na gurudumu likipanda, shokapu inaweza kugonga mwisho ndani kabla mpira wa kugongea haujafanya kazi yake. Shokapu ikigongwa hivyo kila tuta inakufa.

Spesa ya milimita 5 au 10 upande mmoja, kusawazisha gari lililolala, hiyo sina neno nayo. Ya kunyanyulia gari zima kwenye springi za miaka 15, hapana. Springi imechoka, umeinyanyua tu ikiwa imechoka.

#4 Mama_Usa_River

Habari zenu jamani. Prado yangu ni ya 2.7 petroli, otomatiki. Safari ni Usa River mpaka mjini kila siku, shambani mara moja kwa wiki, njia ya udongo. Je, nahitaji hayo yote?

#5 Vumbi_la_Natron

Dada, kwa matumizi hayo huhitaji kunyanyua. Weka 265/65R17 ile ile ya kiwanda lakini ya AT, badilisha shokapu kama zimechoka, na hela inayobaki weka kwenye breki na bushi. 2.7 si injini ya kuongezewa mzigo bila sababu. Injini isiyo na tabo inapoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Arusha tuko mita 1,400 hivi, ukingo wa kreta ya Ngorongoro ni karibu 2,300. Tairi la 803 linarefusha gia kwa asilimia 3.4 juu ya hasara hiyo, na AT yenye nyuzi nzito inaweza kuzidi tairi la kawaida kwa kilo 4 hadi 7 kila moja. Ukipanda ule ukuta wa Mto wa Mbu kwenda Karatu gia inabaki inapanda na kushuka. Atakayeweka tairi hilo kwenye 2.7 azoee kuweka 3 badala ya D kwenye mlima mrefu, mafuta ya gia boksi yasichemke.

#6 Dereva_wa_Kreta

Naongezea kwenye spidomita. Asilimia 3.4 maana yake ikisoma 50 tairi linakwenda 51.7, ikisoma 80 ni 82.7. Spidomita nyingi za kiwanda husoma juu kidogo kuliko mwendo halisi, kwa hiyo ukishabadilisha tairi, namba ya spidomita na mwendo halisi zinaweza kukaribiana. Usikisie. Fungua GPS ya simu, shika mwendo mmoja kwenye lami iliyonyooka pale Kisongo mbele, linganisha, uandike tofauti. Tochi ya trafiki haijui kwamba umebadilisha tairi.

Na odomita nayo inahesabu pungufu. Kilomita 5,000 za sevisi kwenye dashibodi ni karibu 5,170 barabarani. Mtu akipiga hesabu ya mafuta bila kurekebisha ataona gari linakula kuliko linavyokula kweli. Kilomita zako zidisha kwa 1.034 kwanza.

#7 Rongai_Kaskazini

Wakuu, kununua tairi. Someni ubavu, msinunue kwa kuangalia meno tu.

DOT, tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye meno mazuri lakini limekaa juani miaka minane, mpira wake umekauka, ubavu utapasuka siku umebeba familia.

Namba ya mzigo: 112 ni kilo 1,120 kwa tairi, 115 ni 1,215, 121 ni 1,450. Herufi ya mwendo: Q ni 160, R 170, S 180, T 190. Usishuke chini ya namba ya mzigo ya kiwanda.

Herufi LT mwanzoni maana yake tairi la lori dogo, ubavu mnene. C inahesabiwa nyuzi 6, D nyuzi 8, E nyuzi 10. Kwa mawe ya Longido, Gelai na Ketumbeine ubavu ndio unaokatwa, si meno, kwa hiyo LT ina maana. Kwa mtu wa lami E ni ngumu bila faida, C inatosha.

MT ya matope tupu sishauri kwa mtu anayekwenda lami ya Arusha–Moshi kila siku. Inalia, inaisha haraka, na kwenye lami yenye mvua inashika vibaya kuliko AT. Kwenye migomba ya Kilema na Marangu wakati wa masika ndiyo MT inaonyesha kazi, lakini huko hata AT yenye upepo uliopunguzwa inapita sehemu kubwa.

#8 Vumbi_la_Natron

Asante Rongai. Naendelea na kugusana.

265/70R17 kwenye ringi ya kiwanda (upana inchi 7.5, ofseti, yaani umbali wa uso wa kufungia kutoka katikati ya ringi, karibu milimita +30) ikinyanyuliwa 50 kwa kawaida inagusa sehemu mbili au tatu nyuma ya tairi la mbele: mpira wa kuzuia matope, plastiki ya ndani ya madigadi, na ule mshono wa bati ulio nyuma ya plastiki. Haigusi ukienda mbele na stelingi imenyooka. Inagusa ukirudi nyuma umekata stelingi yote, au ukishuka mteremko umefunga breki huku unakata kona. Kwa hiyo usiridhike na kuzungusha stelingi gereji. Pandisha gurudumu moja la mbele kwenye tuta au ukingo wa mtaro mpaka springi ibanwe, kata kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, mbele na nyuma. Paka chaki nyeupe kwenye plastiki kabla, utaona palipofutika.

Dawa yake kwa mpangilio: ondoa mpira wa matope au uukate. Plastiki ipashe kwa hewa ya moto na uisukume nyuma, ishikilie kwa klipu. Mshono wa bati ulazwe kwa nyundo, kisha rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, maana bati lililokunjwa rangi yake imeshapasuka.

Anayetaka 285/70R17 (kipenyo 831) ajue atafika kwenye chuma kile ambacho bodi inakalia chesisi, chenye mpira mkubwa. Kinakatwa pembe na kuchomelewa bamba jipya. Hiyo ni kazi ya mchomeleaji anayejua, terminali hasi ya betri ikiwa imetolewa ili umeme usipite kwenye kompyuta ya gari. Na gia zitakuwa ndefu kwa asilimia 7. Kwa 2.7 sioni sababu.

Ofseti: mtu anayeweka ringi ya ofseti 0 kwa ajili ya muonekano amelitoa tairi nje milimita 30. Likikata kona linachora duara kubwa zaidi na kugusa hata pale ambapo ringi ya kiwanda isingegusa, na bering za hab zinabeba mzigo kwa mbali. Ringi iwe na tundu la katikati la milimita 106, stadi 6 kwenye duara la milimita 139.7. Nati za ringi ya aluminiamu kaza Nm 112, kwa msalaba, na rudia baada ya kilomita 100. Bunduki ya upepo ya mtaani inakata stadi.

Alaimenti si hiari. Ukinyanyua mbele, kasta inapungua, yaani ule mwelekeo wa boljointi ya juu kukaa nyuma kidogo ya ile ya chini. Kasta ikipungua stelingi haijirudishi baada ya kona na gari linatangatanga kwenye mwendo. Mwambie fundi wa mashine unataka kasta karibu nyuzi 3 chanya, pande zote zilingane, kemba (gurudumu kulala ndani au nje) karibu na sifuri, na matairi yatazamane kwa mbele milimita 1 hadi 2 jumla. Akikuambia "tumeweka sawa" bila karatasi ya vipimo, hajaweka. Ikiwa kasta haifiki hata 2 wakati bolti za kurekebishia zimefika mwisho, ndipo unahitaji wishiboni za juu za kubadilisha.

Bolti hizo za wishiboni ya chini ndizo zinazogandana na bushi. Magari yanayopita kando ya Natron na Manyara yanabeba magadi chini, na magadi yanakula chuma. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu siku mbili tatu kabla. Zikigoma, zinakatwa na bushi zinabadilishwa, kwa hiyo uwe na bolti mpya mkononi kabla hujaingia kwenye mashine.

#9 Spana_17

Breki. Wenye Prado 95 na gari lolote lenye vali ya breki ya nyuma inayofuata mzigo (kile chuma chembamba kinachotoka kwenye ekseli kwenda kwenye vali juu ya chesisi): ukinyanyua chesisi, vali inadhani gari ni tupu na inapunguza nguvu ya breki za nyuma. Breki za mbele zinabeba zote, zinachemka, pedi zinaisha. Kishikizo cha vali kishushwe, au chuma kirefushwe, kwa kiasi kilekile ulichonyanyua.

Halafu ninginiza magurudumu yote na uangalie paipu za breki. Zisikaze. Za mbele kata stelingi pande zote ukiwa unaangalia. Yenye nyufa itupwe.

Panadi ya nyuma: ekseli inasogea pembeni milimita chache, kwa 50 ni kawaida na haidhuru. Zaidi ya hapo weka panadi inayorefushwa.

Wenye VX zenye mifuko ya hewa nyuma: ukinyanyua mbele tu, vihisio vya kimo vinapingana nawe. Amua kwanza kama mifuko inabaki au unaweka springi.

#10 Mkonga_Halisi

Shikamooni wakubwa, na wadogo marahaba. Naleta ya mkonga, HZJ78 na 79, yenye koili mbele na majani nyuma.

Kwanza vipenyo, kwa maana hapa kuna kosa la kila siku. 7.50R16 ni takriban milimita 810. 235/85R16 ni 806. 265/75R16 ni 804. Mtu anatoa 7.50 anaweka 265/75 akiamini ameongeza tairi. Ameongeza upana tu, urefu amepunguza kidogo. Ukitaka kupanda kweli ni 285/75R16 (834) au 255/85R16 (840).

Pili, ringi ya chuma ya 7.50 huwa na upana wa inchi 5.5. 265/75 inataka inchi 7 hadi 8. Ukiibana kwenye 5.5 tairi linavimba katikati, linaisha katikati, na ubavu unachoka. 235/85 yenyewe inataka 6 hadi 7. Zile ringi za vipande na pete, tairi lijazwe upepo likiwa ndani ya kizimba cha chuma. Pete ikiruka haimwachi mtu.

Majani. Kuongeza jani moja ni sawa kwa gari linalobeba mzigo ule ule daima. Kwa gari tupu jani moja nene linabeba peke yake na yale mengine yanakatika kwenye senta bolti. Afadhali pakiti nzima mpya ya milimita 50.

Yu-bolti (zinazofunga majani kwenye ekseli) zisirudiwe. Zimeshavutika mara moja, ukizikaza tena hazishiki. Funga mpya, kaza kwa msalaba, rudia baada ya kilomita 100, tena 500. Barabara ya kutoka Naabi kwenda Seronera ilivyojikunja kama bati itakulegezea yoyote ambayo haikurudiwa, na yu-bolti ikilegea senta bolti inakatika, ekseli inateleza nyuma.

Kunyanyua kwa shakeli (kiungo cha mwisho wa majani) ndefu: shakeli ikiongezwa 100 unapata 50, na ekseli inazunguka, pembe ya propela inabadilika, gari linatetemeka kati ya 60 na 80. Sishauri.

Mbele, koili za 50 zinakula kasta karibu nyuzi 2. Kuna bushi zenye tundu lililosogezwa pembeni, hizo zinairudisha. Panadi ya mbele inasogeza ekseli na stelingi inakaa upande. Rekebisha urefu wa fimbo ya stelingi, usivue usukani na kuupachika upya.

#11 Dereva_wa_Kreta

Mkonga, umesema kweli kuhusu Naabi. Na kwa gari za watalii zilizorefushwa chesisi, zenye paa la kufunguka na abiria saba, kunyanyua zaidi ya 50 ni kutafuta kulala ubavu. Uzito uko juu tayari.

#12 Himo_Njiapanda

Nimeelewa kuhusu spesa. Swali: tairi jembamba au pana kwa udongo mweusi wa Ndutu mvua zikinyesha? Na upepo kiasi gani?

#13 Rongai_Kaskazini

Udongo mweusi: ikiwa chini kuna tabaka gumu, jembamba linakata na kulifikia. Ikiwa hakuna chini, jembamba linazama, pana lenye upepo mdogo linaelea kidogo zaidi. Lakini kinachokwamisha huko ni meno kujaa. Meno yakijaa tairi limekuwa mviringo mtupu, na hapo mwendo kidogo wa kuyatupa matope unasaidia kuliko upana.

Upepo, kwa LT 265/70R17 kwenye Prado yenye mzigo wa wastani, tairi likiwa baridi: lami 34 hadi 36 PSI, changarawe 26 hadi 28, mchanga na jivu la Lengai 18 hadi 20, matope 20 hadi 22. Ukipunguza upepo punguza na mwendo, chini ya 20 usizidi 40 kwa saa na usikate kona kali, tairi litatoka kwenye ringi. Ukirudi lami jaza kabla hujakimbia, si ukifika nyumbani. Ubavu unaokunjwa kwa mwendo unachemka mpaka unapasuka.

Kujua kama umepata upepo sahihi: tairi likiwa limechemka baada ya nusu saa, upepo usiwe umepanda zaidi ya PSI 4. Ukipanda 6 au 7 ulianza na mdogo mno kwa mzigo huo. Kwa lami piga mstari wa chaki kukatiza meno, tembea mita 100: ukifutika katikati tu upepo umezidi, ukifutika kingo tu umepungua.

#14 Mama_Usa_River

Asanteni, mmenisaidia. Nitabaki na 265/65 ya AT. Lakini nikinunua manne, la akiba nalo lazima lifanane?

#15 Vumbi_la_Natron

Lazima, dada, hasa Prado. Inavuta magurudumu yote manne muda wote na ina difu ya katikati. Gurudumu moja likiwa na kipenyo tofauti, difu hiyo inazunguka bila kupumzika kilomita zote, inachemka. Nunua matano, na uzungushe yote matano kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Kwako vipenyo vinafanana, ila meno ya AT mpya na la akiba lililoisha hayafanani, kwa hiyo la zamani litumike kwa kufikia fundi tu. Kwa aliyehamia 265/70 la akiba la 265/65 halifai hata kwa safari ya Makuyuni. Na kama tairi linakaa mlangoni, kagua hinji, limeongezeka uzito.

Mjulishe pia mtu wako wa bima kubwa kwa maandishi kwamba gari limebadilishwa. Hii ni kwa wote mnaonyanyua.

#16 Himo_Njiapanda

La mwisho mkuu. Kazi imeisha, alaimenti imetoka na karatasi. Nini kinarudiwa na lini?

#17 Spana_17

Kilomita 100: nati za magurudumu, na yu-bolti kwa wenye majani. Kilomita 500: bolti zote ulizofungua, gari likiwa chini, na yu-bolti tena. Kilomita 1,000 hadi 1,500: pima tena hab hadi madigadi. Springi mpya zitakuwa zimekaa chini kidogo, milimita 10 hivi ni kawaida, na kwa sababu hiyo rudia alaimenti hapo. Kila sevisi: mulika mipira ya sivi, hasa ule wa ndani karibu na difu. Ukiona grisi imerushwa kwenye wishiboni, klipu imeachia au mpira umechanika. Ukiwahi ni grisi na mpira tu.

#18 Dereva_wa_Kreta

Na taa, wakuu, kwa sababu mbele ikipanda kuliko nyuma unampofusha anayekuja. Egesha sehemu tambarare, mita 5 kutoka ukutani, upepo wa tairi sawa, mzigo wako wa kawaida ndani, kitufe cha kushusha taa kwenye 0. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka ardhini, weka alama ya kimo hicho ukutani. Ukingo wa juu wa mwanga wa chini ukae sentimita 5 chini ya alama. Skrubu ya kurekebisha iko nyuma ya taa, geuza robo robo, upande mmoja ukiwa umefunika taa nyingine kwa kitambaa.